Siku moja maishani mwangu: kibuyu, fuvu na paa jipya

Saa 11 alfajiri

Baridi ya Iringa ya mwezi wa saba haina adabu. Lala na blanketi mbili, vaa soksi za mume juu ya zako, bado itakufuata. Upepo ulianza jana jioni, na nilipofumbua macho ulikuwa ungali unapiga mluzi dirishani. Kwa jirani debe liliviringika uani likagonga ukuta. Nikakaa kitandani nasikiliza, maana mwenzenu siogopi baridi, naogopa upepo. Upepo wa hivi hivi ndio ulioinua paa la ukumbi wetu usiku mmoja, miaka mitatu iliyopita, asubuhi tukaokota bati kwenye migomba ya watu. Leo Jumamosi, 19 Julai, tunafungua tena, na papo hapo tunaanza msimu wa miaka 25 ya kikundi chetu cha maigizo.

Tarehe yenyewe ina kisa. Tulipanga kufungua 19 Juni, siku ambayo mwaka 1954 fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe ambaye Wajerumani walikichukua kichwa chake, lilirudishwa Kalenga, iliyokuwa ngome yake, kwa sababu igizo la kufungulia linahusu fuvu hilo, na ndilo igizo letu la kwanza kabisa tangu kikundi kianze. Mafundi wa paa wakachelewa mwezi mzima. Leo misumari haijafika, kesho fundi kafiwa. Tukaangukia 19 Julai, ambayo ni siku Mkwawa aliyojipiga risasi, mwaka 1898. Mwalimu, mwongozaji wetu, alisema hiyo ni ishara. Mimi nikasema hao ni mafundi.

Saa 1 asubuhi

Bajaji kutoka Kihesa hadi mjini, kitenge nimejitanda mpaka puani. Paa lipo. Nililihesabu kwa macho kutoka barabarani, bati kwa bati, ndipo nikashuka.

Kwenye kikundi naitwa Mama Vifaa. Siku za kawaida mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Miyomboni. Siku za igizo ndiye mwenye mikuki, ngao, vigoda, kofia za Wajerumani, simu ya mezani ya gavana, migolole inayonuka naftalini, na fuvu. Funguo za stoo ninazo mimi peke yangu, kwa hiyo likiharibika jambo humo ndani hakuna wa kusingizia.

Nilifungua mlango, nikaona chengachenga za gazeti sakafuni, nikajua.

Fuvu nilikuwa nimelitengeneza upya Jumatano: vipande vya magazeti na uji mzito wa ngano, tabaka juu ya tabaka, limezungushiwa puto, nikaliacha kwenye rafu likauke. Panya walikuwa wameanzia kwenye taya. Taya lote halipo. Utosini kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na fuvu la macho mawili sasa lilikuwa na macho matano. Kosa ni langu. Uji wa ngano ni chakula. Nimempikia panya, nimempoozea, nikamwekea mezani.

Kuna kijana wetu mmoja alipendekeza tutumie kabichi. Kweli wiki tatu za mazoezi tumetumia kabichi, imefungwa kaniki, haina neno. "Mama Vifaa, likishafunikwa nani atajua?" Nikamtazama mpaka akaenda kutafuta ufagio.

Huyu hakuwepo miaka 25 iliyopita. Mimi nilikuwepo, binti wa miaka 17, kazi yangu kuvuta pazia. Siku ile ya kwanza mwigizaji aliyecheza afisa wa Kijerumani alipata vicheko akakolewa, akalizungusha fuvu kwenye kidole kama mpira. Watu wakacheka kweli. Safu ya tatu akasimama mzee mmoja wa Kalenga. Hakufoka. Alivaa kofia yake, akachukua fimbo, akatoka, na nyuma yake ikatoka nusu ya ukumbi. Kesho yake Mwalimu alipanda baiskeli mpaka Kalenga, kama kilomita 15, kwenda kuomba radhi. Aliporudi tukawa na sheria zetu: fuvu hufunikwa kaniki, hushikwa kwa mikono miwili, halitui chini. Na lazima liwe fuvu, si kabichi.

Saa 3 asubuhi

Sokoni. Nilipita kwenye vikapu vya milulu bila kugeuza shingo, jambo ambalo kwangu ni nadra, nikaenda moja kwa moja kwa mama anayeuza vibuyu. Kamwene, kamwene, habari za baridi, watoto wazima? Kisha nikatoa tepu yangu ya kushonea nikaanza kupima. Kibuyu cha kwanza kikubwa mno, cha mtoto wa tembo. Cha pili kimechongoka. Nina daftari la vipimo vya waigizaji wote, vichwa pia, kwa ajili ya kofia, kwa hiyo nilijua ninachotafuta.

"Unampimia nani?" mama akauliza.

"Mzee mmoja. Kichwa."

"Anataka kofia ya kibuyu?"

"Hapana mama, hicho ndicho kichwa chenyewe."

Akaurudisha mkono wake taratibu. Nikaona bora nimweleze, na nilipokuwa nikimweleza ndipo na mimi likanijia vizuri jambo ambalo nimelisikia jukwaani mara mia. Wajerumani walipokubali kushindwa Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwapa miezi sita kulirudisha fuvu la Mkwawa. Limeandikwa humo kabisa, kifungu cha 246, katikati ya mambo ya mataifa makubwa. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwishoni Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alikwenda mwenyewe Bremen, Ujerumani, akakuta makumbusho yenye mafuvu kama 2,000, na kati ya hayo 84 yalitoka huku kwetu enzi za Mjerumani. Atalijuaje? Akatumia vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, akalinganisha, akachagua. Ndilo hilo akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Liko Kalenga mpaka leo, na mpaka leo wapo wanaouliza kama ndilo.

Na mimi nimechuchumaa sokoni na tepu, vibuyu saba mbele yangu. Nilichagua cha tano. Mama alianzia 5,000, akanipa kwa 3,500, akasema tofauti hiyo ni mchango wake kwa marehemu.

Saa 4 mpaka saa 8

Haya niwaambie linavyotengenezwa, labda kuna mwenye shida kama yangu.

Kibuyu kikavu unakikata shingo kwa msumeno mdogo wa chuma, taratibu, kikipata ufa basi. Unakikung'uta mbegu. Harufu yake ndani ni ya pombe ya zamani hata kama hakijawahi kuwekwa pombe. Matundu ya macho nilichora kwa kalamu, nikatoboa kwa msumari uliokaa kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu, nikapanua kwa kisu. Ukipanua sawasawa yatakuwa macho ya katuni. Fuvu jicho moja huwa limeinama kidogo. Taya nimelitoa kwenye kipande cha kibuyu cha pili, nimelishonea kwa waya wa shaba. Meno ni mbegu za boga, gundi ni ya seremala, ambayo panya haimhusu. Tundu la risasi nililiacha la mwisho. Nilishika msumari wa moto dakika nzima bila kutoboa, sijui kwa nini, nimeshona sanda mara nyingi na mkono haujawahi kusita.

Rangi: chokaa, gundi kidogo, na chai. Majani ya Mufindi yaliyochemka mpaka yakawa meusi. Chokaa peke yake inaleta mfupa mpya, kama wa bucha. Chai ndiyo inayoleta miaka. Nikapaka mara tatu, nikaanika kwenye upepo uani. Upande wa uso ukakauka. Upande wa kisogo ulikuwa kivulini, nikauamini upepo, na hilo mtaliona mbele.

Chakula cha mchana ugali, maharage na mnafu, nimekula nimesimama.

Saa 9 alasiri

Taa zinafungwa. Fundi taa wetu amepata spoti nne za kuazima na mbili za kwetu, moja ina tabia zake. Mwalimu anazunguka na kusema lile lile tangu Machi, kwamba Bagamoyo, alikosomea yeye sanaa, ukumbi wa chuo uliungua 2002 na wakajenga mkubwa zaidi, sembuse sisi paa tu. Wanafunzi wa Chuo Mkwawa wamekuja kujitolea kupanga viti. Wamevipanga vizuri sana, na njia ya katikati wameisahau, kwa hiyo vimepangwa tena.

Mikuki kumi na miwili, nimehesabu. Simu ya gavana ipo. Kaniki nimeipiga pasi.

Saa 12 jioni

Hiki sikukitarajia. Jua lilipoanza kuzama nyuma ya mawe, paa jipya likaanza kulia. Ka. Kaka. Ka. Bati limepata moto mchana kutwa, sasa linapoa na kujikunja. La zamani lilikuwa na kutu na matundu, halikuwa na sauti. Hili linagonga kama mtu anayetembea juu. Mwalimu akaniangalia. Onyesho la fuvu ni la kimya kabisa. Fundi taa akasema kufika saa 2 litakuwa limeshapoa. Tukamwamini kwa kukosa la kufanya.

Watu walishaanza kufika. Kiingilio 3,000, wanafunzi 1,000. Safu ya tatu, kiti kile kile cha pembeni, kakaa mzee mwenye mgolole. Yule wa zamani alishafariki. Huyu ni mwanawe, naye sasa ana fimbo. Nilikwenda kumwamkia kwa magoti. "Marahaba mwanangu. Nimesikia mmelitengeneza paa." Akalitazama paa. Ka, likajibu.

Saa 1:30 usiku

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Nyuma ya pazia ni giza, na mimi nina tochi yenye karatasi nyekundu. Onyesho la vita vya Lugalo limekwenda vizuri: Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Zelewski na kikosi chake wakaingia kwenye mtego wa Wahehe, mikuki kumi na miwili ikafanya kazi ya maelfu. Vigelegele. Ngome ya Kalenga ikaanguka, Oktoba 1894, kwa ngoma na moshi mwingi kuliko tulivyokubaliana. Tukaingia Bremen: gavana, meza, tepu yangu ile ile ya kushonea.

Kisha Kalenga 1954. Babu wa ligombo akakaa mbele. Kama hujawahi kuliona ligombo, ni ubao uliochongwa kama hori, uzi mmoja umepitishwa huku na huko juu yake, na sauti yake ni ndogo, lazima watu wanyamaze ili waisikie. Wakanyamaza. Nililifunika fuvu, nikaliinua kwa mikono miwili, na viganja vyangu vikanata. Kisogo hakikuwa kimekauka.

Na hapo umeme ukakatika.

Babu hakusimama. Aliendelea kupiga gizani kama vile yeye hakuhitaji taa tangu mwanzo. Simu mbili tatu zikawaka tochi kwenye viti, na sauti ya mzee wa safu ya tatu ikasema, "Zimeni." Zikazimwa. Mwigizaji wa Chifu alinyoosha mikono, mimi sikumwona, nilisikia pumzi yake, nikampa. Akatoka nalo mbele. Hatua zake kwenye mbao, ligombo, upepo nje. Paa, nalihesabia hilo, halikugonga hata mara moja.

Jenereta iliponguruma na taa kurudi, alikuwa amesimama katikati, kaniki imeteleza kidogo upande, na viganja vyake vyote viwili vilikuwa vyeupe. Ukumbi ukaguna kwa pamoja. Alijitazama mikono, naye hakuwa anaigiza.

Mwalimu anasema hatutabadilisha hilo, tutalifanya msimu mzima, ni ishara. Ni chokaa mbichi.

Saa 4 usiku

Vifaa vimerudi stoo. Mikuki kumi na mmoja. Wa kumi na mbili kuna mtoto kaondoka nao, mama yake nimemjua, kesho nitaupitia.

Mzee alinisubiri mlangoni. Akaomba alione. Nikafunua kaniki, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Kibuyu." Nikasema ndiyo baba. Akaniuliza linalala wapi. Nikasema stoo. "Na panya?" Sijui nani kamwambia. Nikasema basi linalala kwangu.

Kwa hiyo nimepanda bajaji ya mwisho ya Kihesa, kikapu mapajani, fuvu ndani, kaniki juu, mikono miwili. Dereva alinitazama kwenye kioo tangu mjini mpaka karibu na nyumbani.

"Mama, umebeba nini unakilea hivyo?"

"Kibuyu."

"Kina pombe ya ulanzi?"

"Mwezi huu ulanzi uko wapi, baba. Punguza mwendo, kuna tuta."