Kumjibu Yule Anayeuliza

Jumapili moja baada ya ibada ya pili, mpwa wangu alinikuta Kengeleni, hapa Mombasa, nikingoja matatu ya kwenda Kisauni. Alisimamisha pikipiki yake, akanisalimia kwa heshima zote, kisha akaniuliza jambo ambalo sijapata kuulizwa na mtu yeyote katika miaka 33 ya kuwa msomaji kanisani. "Mjomba," alisema, "hivi wewe unaposali, huwa unajua kwamba kuna anayekusikia, au umezoea tu?" Hakuuliza kwa kejeli. Nilimjibu papo hapo kwa aya mbili za Biblia nilizozihifadhi tangu darasa la kipaimara, naye akatikisa kichwa kukubali, akashukuru, akaondoka. Nilipokwisha kuketi ndani ya matatu ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimemjibu. Nilikuwa nimemwondoa tu njiani.

Mpwa wangu ana miaka 24. Alibatizwa akiwa mchanga, akaimba katika kwaya ya watoto, akapata kipaimara, na leo anajipatia riziki kwa kuwachorea nembo na kurasa za mtandao wateja walio ng'ambo, akiwa amepanga chumba huko Bamburi. Hamtukani Mungu, wala hajajiunga na chama chochote cha wasioamini. Aliacha tu. Makanisa yalipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, alikaa nyumbani kama sisi sote. Yalipofunguliwa mwezi Julai kwa masharti ya watu wasiozidi 100 na ibada isiyozidi saa moja, sisi wengine tulirudi tukaketi mbalimbali kama watu waliokosana, naye hakurudi, na hakuna aliyemwendea kumwuliza sababu. Mimi ni mmoja wa wale ambao hawakumwendea.

Sisi Wakristo wa Mombasa tumejihesabu kwa muda mrefu kuwa mabingwa wa kuzungumza na mtu asiyeshiriki imani yetu, lakini kwa hakika mtu huyo amekuwa mmoja tu, yaani jirani yetu Mwislamu. Tunaishi naye ukuta kwa ukuta. Siku ya Idi analeta biriani kwetu, na siku ya Krismasi tunampelekea kuku wa pilau achinje yeye mwenyewe, ili sahani itakaporudi kwake aweze kula bila shaka moyoni. Katika ujana wangu nilihudhuria mihadhara mingi ya hadhara, wahubiri wa pande zote mbili wakiwa na Biblia mkono mmoja na Kurani mkono wa pili, wakibishana kuhusu Isa mwana wa Mariamu hadi vipaza sauti vikakwaruza. Niliandika hoja daftarini na kuwapigia makofi wa upande wangu. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyevuka kwenda upande wa pili kwa sababu ya hoja, ila nakumbuka kwamba pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo kubwa kuliko lile zilizobishania: kwamba Mungu yupo, amesema, na atahukumu. Mpwa wangu hayumo katika ubishi huo. Daftari langu halina ukurasa wake.

Hata jina la hali yake linatupa taabu. Kanisani tuna neno "kidunia", nalo lina harufu ya pombe na ngoma za usiku, kana kwamba kila aliyeacha kusali amekwenda kulewa. Mpwa wangu hanywi hata bia. Serikali yetu nayo haifanani na zile za Ulaya tunazosikia zikisemwa: Katiba ya 2010 inamkiri Mwenyezi Mungu katika utangulizi wake, kisha katika Ibara ya 8 inasema kwamba hakutakuwa na dini ya taifa, na wimbo wetu wa taifa ni sala tangu neno la kwanza. Kwa hiyo yanayotokea hapa hayakuletwa na sheria. Hayaonekani hata katika hesabu. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 755,750 wasio na dini katika nchi ya watu milioni 47 na zaidi, ambao ni kama 1.6 kwa mia, na wachungaji wengine huisoma tarakimu hiyo wakapumua. Mimi najua jinsi ilivyopatikana nyumbani kwa dada yangu: karani aliuliza dini za waliolala pale usiku ule, dada yangu akasema "Wakristo wote", na kijana aliyekuwa chumba cha pili na simu yake hakuulizwa.

Nilimfuata Bamburi wiki mbili baadaye. Sikubeba Biblia, maana anayo katika simu, na nilitaka mikono yangu iwe mitupu. Alinipikia chai ya tangawizi, akanunua viazi karai kwa mama wa jirani, nami nikamwambia kwamba nimekuja kusikia, si kusema. Haikuwa rahisi. Mtu aliyezoea mimbari hana subira ya kusikia sentensi ya tatu ya mwenzake.

Alichonieleza kwanza hakikuwa na uhusiano na sayansi wala falsafa, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa hayo. Alinieleza habari za mama yake, yaani dada yangu, mwaka alipougua figo. Mhubiri mmoja alifika katika mkutano wa maombi, akamwekea mkono kichwani, kisha akamwambia kwamba uponyaji wake unangoja mbegu ya shilingi 10,000, na namba ya kutumia pesa ilikuwa imeandikwa kwenye kitambaa nyuma yake kwa herufi kubwa kuliko jina la Yesu. Dada yangu aliituma. Ilikuwa pesa ya dawa. "Na wewe ulikuwepo, Mjomba," mpwa wangu alisema, "ulikuwa kiti cha mbele."

Nilikuwepo. Sikupanda mbegu yoyote siku ile kwa kuwa sikuyaamini yale maneno, lakini sikusimama kuyapinga, kwa sababu mhubiri alikuwa mgeni na watu walikuwa wakilia. Nilimwomba radhi mpwa wangu, naye akainamisha macho, maana si desturi yetu mjomba kumwomba radhi kijana, na kwa muda sote wawili hatukujua la kufanya na vikombe vyetu.

Baada ya hapo alizungumza kwa wepesi zaidi. Alitaja Shakahola, na mtu wa Pwani akitaja Shakahola hasimulii habari za mbali: msitu huo, ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, uko Kilifi, kaunti jirani, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa humo kuanzia Aprili 2023, na kesi imekuwa ikisikizwa hapa hapa Mombasa. Alitaja pia wanasiasa wanaopewa kipaza sauti madhabahuni, jambo ambalo vijana walilipigia kelele sana wakati wa maandamano ya Juni 2024. Hapo nilikuwa na la kumwambia, kwamba Askofu Mkuu wa Kianglikana alikwisha kuwakataza wanasiasa kuhutubia ibadani mwaka 2021, na kwamba Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi aliikataa michango ya Rais mwezi Novemba 2024. Alisema alisikia, na kwamba lilikuwa jambo jema. Hakusema zaidi, nami nikajifunza kwamba habari njema kuhusu maaskofu si Habari Njema.

Ndipo akarudia swali lake la Kengeleni, na safari hii nilimpa jibu la kweli. Nilimwambia kwamba kuna siku najua na kuna siku nimezoea. Mke wangu alipofariki nilisali kwa mazoea tu kwa karibu miaka miwili, nikiyasoma maneno ya kitabu cha sala kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa bandarini, na sikuhisi kwamba yupo wa kusikia. Mazoea yale ndiyo yaliyonishika nisianguke. Kisha asubuhi moja ya siku ya kazi, nikiwa nasoma sura ya 20 ya Injili ya Yohana, pale Mariamu anapodhani kwamba aliyesimama mbele yake ni mtunza bustani hadi anapoitwa kwa jina, nilijua tena. Siwezi kumthibitishia mtu jambo hilo. Nilimwambia hivyo hivyo: siwezi kulithibitisha, lakini naamini kwamba Yesu alifufuka, si mfano wala fumbo, na kwamba kama hakufufuka basi hata ule uvumilivu wangu wa miaka miwili ni wa kuonewa huruma.

Nasisitiza hili kwa sababu wapo ndugu wanaosema siku hizi kwamba yatosha kuishi vizuri, na watu watauona wema wetu bila maneno. Sikubaliani nao. Jirani yangu Mwislamu anaishi vizuri kuliko mimi, na hakuna anayemtazama akahitimisha kwamba Kristo amefufuka. Lazima mtu aseme. Tatizo letu halikuwa kusema, bali kusema kabla ya kuulizwa, na kunyamaza pale tulipotakiwa kusimama. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unatutaka tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu "awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu; lakini kwa upole na kwa hofu". Kwa miaka mingi nililielewa neno "hofu" kana kwamba ni yule msikilizaji anayepaswa kuogopa. Lilisemwa kwa anayejibu.

Pwani yetu iliwahi kuyajua haya. Johann Ludwig Krapf alipofika mwaka 1844, alikuja na barua ya Seyyid Said wa Unguja iliyowaomba maliwali wake wamtendee mema. Mmisionari wa kwanza wa zama zile aliingia Mombasa kwa ukarimu wa mtawala Mwislamu. Mwezi Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi lipo hadi leo. Mwenzake Johannes Rebmann alifika 1846, wakajenga kituo cha misheni Rabai, na Rebmann akakaa pwani hii hadi 1875, akaondoka akiwa karibu kipofu. Waliobatizwa katika miaka yote hiyo walikuwa wachache mno. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyependa kusikiliza na kuuliza, na alibatizwa akiwa karibu na kufa. Kwa vipimo vya mikutano yetu ya sasa, Rebmann angefutwa kazi mwaka wa pili.

Upande wa mama yangu sisi ni Wamisheni, yaani kizazi cha watumwa waliokombolewa na kupewa makao Freretown kuanzia 1875, na kengele iliyopapa jina mahali pale Kengeleni ilikuwa ya kuwaonya wasije wakatekwa tena. Huwa nafikiri juu ya kengele hiyo ninapopita kila siku. Ilipigwa kwa ajili ya usalama wa watu, na kelele zake zilikuwa na maana kwa sababu aliyezisikia alijua kwamba mpigaji anamtakia heri. Vipaza sauti vyetu vya usiku kucha pale mtaani havijafikia cheo hicho.

Katika parokia yetu tumeanzisha kikao cha Alhamisi jioni, kahawa chungu na kashata, ambapo swali lolote laweza kuandikwa kwenye karatasi bila jina. Wazee wawili wanakipinga, wakisema kwamba tunafundisha shaka. Huenda wana haki kidogo, kwa maana jioni nyingine maswali huwa mengi kuliko imani iliyomo chumbani, nami nimejibu "sijui" mara nyingi hadi kijana mmoja akaniuliza kama ninalipwa kwa kazi hiyo.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliomba nimpeleke Rabai, kwa ajili ya picha, alisema. Tulipanda matatu hadi Mazeras, kisha nyingine hadi Rabai, tukalitazama kanisa la kwanza ambalo sasa ni makumbusho, na nyumba aliyokaa Rebmann. Nilimsimulia jinsi Rebmann alivyouona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, akaandika kwamba una theluji kileleni, na wataalamu wa huko Ulaya wakamcheka kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya wasafiri wengine kuthibitisha maneno yake.

"Na walipokuwa wakimcheka, alifanya nini?"

"Alikaa hapa hapa, akiandika kamusi za lugha za watu wa hapa."

Akapiga picha ya mlango, akaitazama, akaifuta, akapiga nyingine. Kisha akauliza wale wenyeji aliofuatana nao waliuitaje ule weupe, kwa kuwa hapa hakuna theluji. Nilimwambia kwamba kiongozi wake aliuita baridi tu, maana hakuwa na neno jingine.

"Basi alisema alichokihisi," mpwa wangu alisema. Tulipokuwa tukirudi barabarani kutafuta gari la Mazeras, aliniuliza kikao cha Alhamisi huanza saa ngapi. Nilimwambia saa kumi na mbili, na kwamba kashata huisha mapema.