Robo ya kitenge

Shangazi yangu anauza vitenge Eastleigh, na hesabu zake ziko kwenye programu niliyomwandikia kwa Njugu, lugha ya programu ninayoijenga usiku nikitoka kazini. Njugu ina mtumiaji mmoja tu duniani, na akikwama hunipigia simu hata kama ni saa nne usiku.

Mwezi uliopita alipiga. Muuzaji wake wa Bukavu alikuwa amemtumia orodha ya mzigo, mstari wa kwanza umeandikwa yadi 1.500. Shangazi akauingiza vilevile. Kipande kimoja ni yadi sita, programu ikagawanya, ikajibu: vipande 0.25.

"Baba, robo ya kitenge ni ya kujifutia jasho ama?"

Zilikuwa yadi elfu moja mia tano, yaani vipande 250. Kule Kongo nukta hutenganisha maelfu na koma hutangulia desimali. Huku kwetu ni kinyume. Angalia tu ujumbe wa M-Pesa unavyoandika Ksh1,500.00. Na wote wawili wanasemezana kwa Kiswahili, bei wanapatana vizuri kwa simu. Mimi ndiye niliyeandika "sw", alama ya Kiswahili kwenye kompyuta, mahali fulani kwenye msimbo nikaona kazi imekwisha. Kumbe CLDR, hazina ya Unicode (kiwango cha dunia cha herufi za kompyuta) inayohifadhi desturi za maandishi za kila eneo, ina Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na hicho cha mwisho kina alama zake.

Njugu imeandikwa kwa lugha ya C, kwa hiyo dawa ya haraka ilikuwa mstari mmoja wa setlocale, amri inayoiambia programu ifuate desturi za eneo gani, pale programu inapoanza. Mashine yangu haikuwa na Kiswahili cha Kongo, nikajaribia Kifaransa cha Ufaransa, nacho hutumia koma kwenye desimali. Risiti ya kwanza ilinifurahisha. Ya pili nikaitazama vizuri: VAT sifuri. Ya tatu, sifuri.

Jioni nzima iliishia hapo. Kwenye programu ya shangazi VAT imeandikwa 0.16, na Njugu husoma namba za msimbo kwa strtod, amri ya C inayogeuza maandishi kuwa namba. Sasa setlocale haibadilishi risiti peke yake, hubadilisha programu nzima, na strtod nayo hutii. Ilisoma 0, ikakuta nukta isiyoijua, ikasimama hapo. Nikawa nimemsamehe shangazi kodi yote ya serikali kwa mstari mmoja.

Tena Kifaransa hutenganisha maelfu kwa nafasi nyembamba isiyokatika, U+202F, ambayo kwenye UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, ni baiti tatu ingawa kwa macho ni alama moja. Mimi nilikuwa napanga safu za risiti kwa kuhesabu baiti. Namba kubwa zote zikaenda upogo.

Nikafuta ule mstari. Sasa ndani ya msimbo namba ina sura moja popote ulipo: nukta ya desimali, koma hakuna. Macho yakichoka kuhesabu sifuri unaweza kuandika 1_500_000, kama lugha ya Python ilivyoruhusu tangu toleo la 3.6. Amri ya andika haijali uko wapi. Ukitaka namba ya kusomwa na mtu unasema mwenyewe: andika umbo(jumla, "sw-KE") kwa Kiswahili cha Kenya, au "sw-CD" kwa karatasi inayokwenda Bukavu. Mwenzangu kazini aliniambia namsumbua mtumiaji, kompyuta inajua iko wapi, ijipange yenyewe. Sikubali. Faili iliyoandikwa Nairobi ikifunguliwa Bukavu lazima iwe na kiasi kilekile.

Kilichonipa raha ni ufupisho. Kiingereza husema 12K, namba kwanza. Kwa Kiswahili CLDR inatoa "elfu 12", neno mbele, kama tunavyotamka. Maktaba yangu, yaani msimbo wangu wa kuandika namba, ilidhani ufupisho wote huja nyuma, nikaibomoa kwa furaha. Kwa tarakimu hakuna utata, lakini jaribu kwa maneno: "elfu kumi na mbili" ni 12,000 au 10,002? Sokoni mtu hugeuza, akasema kumi na mbili elfu, yakaisha. Nilitaka amri ya kuandika kiasi kwa maneno kama kwenye hundi. Nimeiacha mpaka niamue atakayegeuza ni nani.

Laki pia nimeiweka kando. Neno tulilipata kutoka India, lakini wao huandika 1,00,000 nasi 100,000. Tulichukua neno, koma tukawaachia.

Kusoma namba iliyoandikwa na mtu ndiko kugumu kuliko kote. 1.500 yenyewe haisemi inatoka wapi, na sitaki Njugu ibahatishe. Kwa hiyo amri ya soma inadai eneo, na usipolitaja inakataa: "1.500 ni elfu moja mia tano, au moja na nusu?"

Shangazi aliuona ujumbe huo Jumamosi. Akanipigia.

"Sasa inaniuliza mimi?"

"Ndiyo, shangazi. Mzigo umetoka wapi?"

"Bukavu."

"Basi iambie hivyo."

"Na ule wa hapa Gikomba pia niwe naiambia?"

Nimeongeza kitufe. Kila muuzaji ameandikwa na eneo lake, anachaguliwa mara moja.