Nani anajua nini kuhusu joto la ardhi Katanga

Kiabukwa, kituo cha umeme wa joto la ardhi hapa Katanga, kilitoa umeme kuanzia 1952, kilowati 200 hivi, kwa maji ya nyuzi 91 tu. Kazi hiyo iliwezekana kwa vitendo; basi ukiorodhesha wataalamu wa joto la ardhi katika vyuo vyetu Lubumbashi, usianze na vyeo. Andika kazi: nani anapima maji, kwa mashine gani, nzima au imelala? Muulize fundi wa maabara, si profesa peke yake.

Swali la kumpima mwanakemia: chupa ngapi kwa kila chemchemi? Tatu. Moja huchujwa (mikroni 0.45) na kutiwa asidi ya nitriki, kwa metali, moja huchujwa bila asidi, ya tatu huzimuliwa papo hapo, la sivyo silika (madini yaliyoyeyuka majini) hujitenga na maji yakipoa, na joto la chini ya ardhi likikokotolewa kutokana nayo linatoka dogo kuliko lilivyo.

Angalia majina pia: likigeuzwa mpangilio, mtu mmoja anahesabiwa wawili.