Simu za nyumbani kwa SIP: wiki ya tatu, anwani zimeanza kukaa sawa

Wiki hii sijaongeza kitu kipya, nimekaa na anwani tu. Kwa aliyechelewa: naandika seva ndogo ya SIP (kanuni za kupiga simu kupitia mtandao) kwa Python, iko kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, inasajili simu za hapa ndani na kuziunganisha.

Umeme ulikatika, uliporudi routa ikaipa simu ya jikoni IP (namba yake ya mtandao) mpya, ikajisajili fresh, ila mama akiipigia toka sebuleni kimya, kumbe seva inaanza kutafuta ile IP ya zamani, inangoja sekunde 32 ndo ijaribu mpya, na mama keshakata. Usajili wa zamani haufi. Nikafungua Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita kwenye mtandao, nikakuta simu inajisajili kwa heda hii (mstari wa maelezo ndani ya ujumbe), expires ikiwa ni sekunde ambazo usajili unadumu:

Contact: sip:jikoni@192.168.1.20;expires=60

Haina mabano! Na RFC 3261 ya 2002, waraka wa kanuni za SIP, iko wazi, anwani isipofungwa ndani ya < na >, kinachofuata nukta mkato ni mali ya heda, si ya anwani. Mimi nilikuwa nabeba yote kama anwani, expires siioni, naupa usajili sekunde 3600 badala ya 60. Simu ya sebuleni inaweka mabano ndo maana haikuwahi kusumbua.

Kingine ni lower() ya Python, nilikuwa nashusha herufi kubwa kuwa ndogo kwenye anwani nzima. Kulia kwa @ ruksa, kushoto hapana, Jikoni na jikoni ni watu wawili. Na anwani yenye :5060 hailingani na isiyo nayo, japo 5060 ndo poti ya kawaida, hii nimeisoma mara mbili mbili kabla ya kuikubali.

Ila utamu uko kwenye asilimia, pale herufi inapoandikwa kwa msimbo wa % na tarakimu mbili. %6A ni j, kwa hiyo %6Aikoni ni jikoni yule yule, kwa hiyo lazima uifungue kabla ya kulinganisha, lakini ukiwahi kufungua umeharibu, maana %40 ni @, mtu anayeitwa asha%40kazini anakuwa na @ mbili na hujui tena seva inaanzia wapi. Kata kwanza, fungua baadaye, kipande kimoja kimoja.

Jana usiku nikaipa simu ya jikoni IP nyingine makusudi, mara tatu, kila mara dakika moja ikipita ile ya zamani imefutika yenyewe na jikoni panaita hapo hapo. Nimefurahi sana aisee.

Bado IPv6, ule mfumo mpya wa namba za IP, zile anwani zina nukta mbili ndani ya [ ] na mimi poti naitafuta kwa kukata penye nukta mbili ya kwanza, naanza nayo Jumamosi.