Kumbukumbu ya mradi: waya unaingia mwisho

Jumamosi usiku. Kompyuta kuukuu niliyonunua barabara ya Luthuli, Nairobi, sasa ina Debian 13, mfumo endeshi wa Linux, na bado haijaonja intaneti. Mpwa wangu, ambaye kompyuta ni yake, amepita mara tatu: "Mjomba, si uchomeke tu waya?" Bado.

Mwaka 2003 nilikuwa nikihudumu katika saiba moja mjini. Agosti hiyo tuliweka Windows XP upya, tukaunganisha mashine ili ipakue viraka (marekebisho ya usalama), na kabla havijafika ikaanza kuhesabu sekunde 60 ijizime. Ilikuwa Blaster, programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ikiingia kwa poti 135 (poti ni mlango wenye namba ambao programu hupokelea mawasiliano) bila mtu kubofya kitu, kutoka mashine za pembeni. Kiraka chake kilikuwa kimetoka Julai. Hapa Umoja naona hatari ileile: ploti nzima inatumia ruta moja, na laptopu moja ya jirani yenye virusi inatosha.

Flashi ya kusakinishia niliiandaa kazini, nikahakikisha sha256 yake (alama ya kuthibitisha faili haijabadilishwa) inalingana na ya Debian. Nenosiri la root, akaunti kuu ya mfumo, nimeliacha tupu. Hapo root hufungwa na mtumiaji wa kwanza hupewa sudo, ruhusa ya kuendesha amri kama root.

Kisha amri ya ss -tuln, nione programu gani inasikiliza, yaani inasubiri kuunganishwa. Poti 631 ya printa iko kwenye 127.0.0.1 pekee, yaani ndani ya kompyuta yenyewe, haina neno. Avahi, ya kutafuta vifaa kwenye mtandao wa karibu, poti 5353, inasikiliza kila upande. SSH, ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, poti 22, niliichagua mwenyewe wakati wa kusakinisha, kwa mazoea. Zote mbili nimezizima. Kijana anaandika insha, seva ya nini?

Kilichonila muda ni nftables, ngome (firewall) ya Linux. Debian huja nayo, lakini huduma yake haijawashwa, na /etc/nftables.conf ya mwanzo haizuii chochote: mlango upo, komeo hakuna. Nimeweka input (yanayoingia) iwe drop (yatupwe), nikaruhusu lo (kompyuta kuongea na yenyewe), ICMPv6 (jumbe za uendeshaji; bila hiyo IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti, hukwama) na majibu ya miunganisho ambayo kompyuta imeianzisha yenyewe. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha: sheria zote zimepotea! Nilikuwa nimeziandika kwa amri tu. Nimezihamishia kwenye faili, nikapiga systemctl enable nftables, na sasa zinabaki.

Kwa kuwa nilisakinisha bila mtandao, sources.list, orodha ya mahali pa kupata programu, ilijua flashi tu. Nimeongeza hazina za Debian, ile ya usalama ikiwemo.

Saa tatu na robo waya umeingia. apt update, apt full-upgrade (amri za kusasisha programu zote), kivinjari kikiwa kimefungwa hadi mwisho.

Kesho asubuhi nitaipima kwa nmap, programu ya kutafuta poti zilizo wazi, kutoka laptopu yangu, kupitia ruta hiyohiyo ya ploti.