Chusovitina, tairi la Shangani na goti langu

Ufukweni Shangani, hapa Mtwara, kuna tairi la lori limefukiwa nusu kwenye mchanga. Silo lile la utoto wetu. Lile nadhani kuna mtu alishalikatia katambuga. Vijana hutoka mbio, wanalikanyaga, linawarusha, wanapiga samasoti. Mie nilikuwa hodari wa tairi. Wavulana waliniita Ngedere, na nilikuwa naitika.

Desemba 1992, nina miaka 12, nikachezwa unyago. Nilipotoka, bibi akanikalisha mkekani: “Mwali harushi miguu juu.” Basi, yakaishia hapo.

Miezi michache nyuma, kule Barcelona, binti wa miaka 17 aitwaye Oksana Chusovitina, mzaliwa wa Bukhara, Uzbekistan, alikuwa amepata dhahabu ya timu kwenye jimnastiki ya Olimpiki. Sikumjua. Nimekuja kumjua Julai 2021, nimelala, goti limevimba kwa netiboli, nachungulia simu na bando linaelekea kukata. Nikamwona mama mzima, miaka 46, kati ya mabinti ambao angeweza kuwazaa, anajipaka chaki mikononi.

Mruko wake ni wa mezani. Unakimbia kama mita 25, unakanyaga ubao wenye springi, mikono inaisukuma meza yenye kimo cha sentimita 125, mwili unajizungusha hewani, kisha miguu itue pamoja na isihame. Ukisogea hatua, waamuzi wanakukata alama. Sisi nani alitukata? Ukitua kwa makalio watu wanacheka, unarudi kwenye foleni.

Nikaanza kumtafuta mtandaoni. Mwanawe, Alisher, alizaliwa 1999. Mwaka 2002 akagundulika ana saratani ya damu, familia ikahamia Köln, Ujerumani, kumtibisha. Mama akawa anashindana huku anauguza, kwa sababu pesa za zawadi ndizo zilikuwa pesa za dawa. 2003, Anaheim, akawa bingwa wa dunia wa mruko huohuo. Baadaye akaiwakilisha Ujerumani, na Beijing 2008, ana miaka 33, akapata medali ya fedha. Mtoto akapona.

Hapo niliiweka simu chini kidogo. Mwanangu wa kwanza alipougua, niliuza korosho zangu kwa walanguzi wa kangomba, mnada haujafika, bei ya kutupa, ili tupate nauli ya kumpeleka Dar. Aliyewahi kuuguza hamuulizi yule mama kwa nini hastaafu.

Rio 2016 alijaribu Produnova, ule mruko wa kujipindua mara mbili kwa mbele ambao wenyewe wanauita mruko wa kifo. Akatua, akabiringika kwenye godoro, akawa wa saba. Ana miaka 41 huyo! Tokyo ndiyo ilikuwa Olimpiki yake ya nane. Majukwaa matupu kwa ajili ya korona, fainali hakuingia, lakini waliokuwemo ukumbini walisimama wakampigia makofi, naye analia. Akasema ndiyo mwisho. Wapi! Akarudi mazoezini, na ni maumivu ya 2024 ndiyo yaliyomkosesha Paris.

Jumamosi iliyopita, maji yamekupwa, nikateremka Shangani na binti yangu mdogo. Nilivaa suruali ndani, dera nikalikusanya nikalifunga kiunoni. Tairi sikuligusa, sina wazimu. Nilisimama kwa mikono tu. Mtoto akahesabu moja, mbili, tatu, nne. Tano haikufika, nikaenda chali, mchanga hadi masikioni.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja anashona nyavu. Nikaona aibu, nikamwamkia palepale chini: “Shikamoo, babu.”

“Marahaba,” akasema, macho kwenye nyavu zake. “Miguu hukuinyoosha.”