Mradi wa Bursaspor: mstari wa madaraja umekaa sawa, hatimaye

Grafu imekubali! Mstari wa Bursaspor, klabu ya soka ya mji wa Bursa, Uturuki, unaonyesha imecheza daraja gani kila msimu: unaanzia daraja la pili 1963, klabu ilipoundwa, unapanda la kwanza 1967, unatulia huko hadi 2004, halafu ndipo vurugu zinaanza. Wiki kadhaa ulikuwa unanichorea upuuzi mtupu: timu iliyoporomoka 2024 ilionekana imesimama daraja la tatu, na ileile iliyokuwa ikivaana na Galatasaray miaka ya tisini ikawekwa daraja moja na timu za 1. Lig ya leo, ambayo ni ligi ya pili kwa ukubwa.

Mchawi ni majina ya ligi. Hadi 2001, "1. Lig" ndiyo ilikuwa ligi kuu ya Uturuki. Mwaka huo ikabatizwa Süper Lig, na huko chini kila mtu akahamishwa kiti: 2. Lig ikawa na makundi ya A na B, A daraja la pili na B la tatu, na 3. Lig ikasukumwa hadi la nne. Baadaye kundi A likaja kupewa lile jina la 1. Lig lililobaki bila mwenyewe. Ongeza wadhamini, maana kuna misimu imeandikwa "Bank Asya 1. Lig" na mingine "PTT 1. Lig". Hapo VLOOKUP, fomula ya jedwali inayotafuta thamani kwenye orodha, ikitafuta jina peke yake itakupa nini zaidi ya aibu?

Watanzania tusicheke sana. Mwaka 2021 Daraja la Kwanza letu liliitwa Championship, na Daraja la Pili likaitwa First League. Shirikisho lao ni TFF, letu TFF. Herufi zilezile, tabia ileile.

Dawa iliyofanya kazi ni safu ya ufunguo: mwaka wa kuanza msimu, mstari wima, jina la ligi bila mdhamini. "1966|2. Lig" inarudisha 2. "2022|2. Lig" inarudisha 3. "2024|3. Lig" inarudisha 4, na hiyo nne nilibaki nikiikodolea macho, kwa sababu ni klabu ileile iliyocheza na Manchester United kwenye Ligi ya Mabingwa 2010. 2025 wakapanda tena, namba ikarudi 3.

Nafanyia haya LibreOffice Calc, programu ya majedwali. Excel sina hamu nayo, na Google Sheets ni nzuri mpaka intaneti ikate. Ila programu hizi zina uchokozi mmoja: unabandika matokeo 2-1, inaweza kukugeuzia kuwa tarehe. Nani alimwomba? Fanya safu nzima iwe maandishi kabla hujabandika chochote.

Ratiba ilisema sasa naingia kwenye makombe: Kombe la Uturuki 1986, na ile robo fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya 1974-75 waliyotolewa na Dynamo Kyiv. Yatasubiri, maana nimenasa kwenye siku moja tu, 16 Mei 2010.

Asubuhi hiyo Fenerbahçe wana pointi 73, Bursaspor 72. Mpaka hapo ubingwa uliwahi kuchukuliwa na klabu nne tu, tatu za Istanbul na Trabzonspor. Vijana wa kocha Ertuğrul Sağlam, yaani Bursaspor, wanaifunga Beşiktaş 2-1. Fenerbahçe, nyumbani Kadıköy, wanatoka sare 1-1 na Trabzonspor. Pointi 75 kwa 74. Lakini mtangazaji wa uwanja wa Fenerbahçe akatangaza kuwa Bursa ni 2-2, watu wakamwagika uwanjani kusherehekea ubingwa wasiokuwa nao!

Kwa hiyo grafu mpya, ya pointi, ina mistari mitatu: Bursa, Fenerbahçe, na wa tatu wa nukta nukta, Bursa kwa hesabu za kipaza sauti, unaoishia 73. Calc imegoma kuuchora huo wa nukta juu ya mingine. Kila nikiubadilisha mpangilio unajificha chini ya ule wa kijani wa Bursa. Usiku huu nahamia Python, lugha ya kuandikia programu.